Vanila Chini ya Migomba: Zao la Kusubiri kwa Pamoja



Katika somo la toleo hili tunaangalia mmea mmoja unaotambaa juu ya miti na kuchanua maua kivulini, nao ni vanila. Kwa wenzetu wa Kagera, wa Mukono na Bundibugyo nchini Uganda, na wa Beni mashariki mwa Kongo, mmea huu si mgeni. Wapo waliojengea nyumba na kusomesha watoto kwa fedha yake, na wapo waliong'oa mashina yote kwa hasira bei ilipoanguka.

Somo limeandikwa kwa ajili ya makundi mawili. La kwanza ni kamati za parokia zinazofikiria kuanzisha au kufufua kilimo cha vanila kwa vikundi vyao. La pili ni wafadhili wanaoombwa kuchangia miradi hiyo. Tunataka wote waelewe jambo moja: vanila ni zao la kusubiri, na kaya haiwezi kusubiri peke yake. Inahitaji chakula shambani, na inahitaji majirani waliokubaliana.

1. MMEA WENYEWE

Vanila ni aina ya okidi. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, ambako wenyeji waliitumia kabla ya Wahispania kufika katika karne ya 16. Katika msitu wa asili hupanda juu ya miti mikubwa ikitafuta mwanga, lakini haipendi jua kali. Shina lake ni nene na la kijani, majani yake ni mazito, na kwenye kila pingili hutoa mizizi midogo ya kujishikiza kwenye mti.

Maua yake ni ya rangi ya kijani iliyochanganyika na njano hafifu. Huchanua kwa vichala, na kila kichala kina vichanga 15 hadi 20. Kwa kawaida ua moja, mawili au matatu ya kichala hufunguka kwa siku moja. Kila ua hufunguka alfajiri, na ikifika mchana huanza kunyauka. Lisipochavushwa asubuhi hiyo, huanguka. Hakuna siku ya pili.

Katika mazingira yetu hakuna mdudu anayeifanya kazi hiyo ipasavyo. Ndani ya ua kuna kiulimi chembamba kinachotenga sehemu ya kiume na sehemu ya kike, hivyo chavua haifiki inakotakiwa. Kwa sababu hiyo, mmea ulipopelekwa nje ya Meksiko ulichanua kwa miaka mingi bila kuzaa.

Aliyefungua njia alikuwa mtoto. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion kwenye Bahari ya Hindi, mvulana mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond aligundua namna ya kuinua kile kiulimi kwa kijiti na kubana sehemu hizo mbili pamoja kwa kidole gumba. Njia yake ikaenea kisiwani, kisha Madagaska na kwingineko, na hadi leo ndiyo inayotumiwa na wakulima wa vanila. Utumwa ulipokomeshwa kisiwani humo mwaka 1848 alipata uhuru na akapewa jina la Edmond Albius. Alifariki mwaka 1880 akiwa maskini, wakati wenye mashamba wametajirika kwa ujuzi wake.

Tunaitaja habari hii kwa makusudi. Swali la nani anafanya kazi ya vanila na nani anapata fedha yake ni la zamani, na kila kamati italazimika kulijibu.

2. KIVULI KWANZA

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kupanda vanila mahali penye jua, kisha kutafuta kivuli baadaye. Vanila inahitaji karibu nusu ya mwanga wa jua. Ukisimama shambani saa sita mchana, ardhi ionekane na madoa ya jua na kivuli yaliyochanganyika. Jua likizidi, majani hugeuka ya njano na kuungua. Kivuli kikizidi, shina hurefuka na kuwa jembamba, maua huwa machache na magonjwa ya ukungu huongezeka.

Kibanja cha Kihaya, chenye migomba, kahawa na miti mikubwa juu yake, kinatoa kivuli cha namna hiyo. Ndiyo maana vanila imepata makao Kagera. Hata hivyo, tangu mwaka 2006, ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulipothibitishwa mkoani humo, familia nyingi zililazimika kung'oa migomba iliyoathirika. Mgomba ukiondoka, kivuli huondoka pamoja nao. Kwa hiyo mkulima asitegemee migomba peke yake. Apande pia miti ya kudumu kama msizi au glirisidia, tena mwaka mmoja kabla ya kuleta marando ya vanila.

Pamoja na kivuli cha juu, kila shina la vanila linahitaji mti wake wa kuegemea. Miti inayofaa ni ile inayoota upesi kwa vipande, inayovumilia kukatwa matawi, na yenye panda kwenye kimo cha mtu. Glirisidia na mbono kaburi hutumika sana. Wenye watoto wadogo wakumbuke kwamba mbegu za mbono kaburi ni sumu, hivyo watoto wakatazwe kuzichezea na kuzila. Tusiegemeze vanila kwenye mkaratusi, kwa kuwa unanyonya maji mengi na magome yake hubanduka pamoja na mizizi ya mmea.

3. KUPANDA NA KUTUNZA

Vanila hupandwa kwa rando lililokatwa kutoka mmea wenye afya. Hatua zake ni hizi:

(a) Chagua rando lenye urefu wa mita 1 au zaidi, kutoka shina lisilo na madoa wala uozo. Rando fupi pia huota, lakini huchelewa kuchanua.

(b) Ondoa majani kwenye pingili 3 za chini. Lining'inize kivulini kwa muda wa wiki moja hivi ili jeraha likauke. Rando linalopandwa likiwa na jeraha bichi huoza kwa urahisi.

(c) Panda mwanzoni mwa mvua. Laza pingili zile 3 kwenye mfereji usio na kina, funika kwa udongo mwepesi wenye mboji, na uache ncha ya chini ichungulie nje kidogo ya udongo. Funga sehemu ya juu kwenye mti kwa kamba laini ya mgomba.

(d) Tandaza nyasi kavu na majani kuzunguka shina. Wenye desturi ya kuleta nyasi kutoka rweya waendelee nayo. Mizizi ya vanila iko juu juu ya ardhi na chakula chake ni matandazo yanayooza.

(e) Usipitishe jembe karibu na shina. Palilia kwa mkono.

Nafasi ya mita 1.5 hadi 2 kati ya shina na shina, na mita 2.5 hadi 3 kati ya mistari, inatosha. Ndani ya kibanja mkulima atafuata nafasi iliyopo kati ya migomba na kahawa.

Shina likifika kwenye panda ya mti, kwenye kimo cha mita 1.5 hivi, lizungushwe na kuelekezwa chini tena, badala ya kuachwa likapanda hadi juu. Kuna sababu mbili. Kwanza, maua hutoka kwa wingi kwenye sehemu iliyokunjwa na kuning'inia. Pili, atakayechavusha ataweza kuyafikia akiwa amesimama chini. Sehemu inayogusa ardhi ifunikwe kwa matandazo ili iote mizizi mipya. Hiyo ni akiba, maana mizizi ya zamani ikifa shina halitakufa.

Adui mkubwa ni ugonjwa wa kuoza mizizi na shina unaoletwa na ukungu wa udongoni uitwao fusari. Hauna dawa ya kuuponya. Shina lililougua ling'olewe na kuchomwa moto nje ya shamba, na kisu kisafishwe kwa moto kabla ya kugusa shina lingine. Kinga yake ni udongo usiotuamisha maji, matandazo ya kutosha, na kutolichosha shina kwa kulizalisha kupita kiasi. Anayekata marando ajihadhari na utomvu wake, kwa sababu unawasha ngozi. Aoshe mikono kwa sabuni.

4. ASUBUHI YA MAUA

Shina lililotunzwa vizuri huanza kuchanua kati ya mwaka wa pili na nusu na mwaka wa tatu. Maua huja baada ya kiangazi. Kwa kuwa ukanda wetu una misimu miwili ya mvua, mashina yanaweza kuchanua mara mbili kwa mwaka. Ukame wa wiki kadhaa ndio unaoamsha vichanga. Wakulima wengi husaidia kwa kukata ncha za marando wakati wa kiangazi ili shina liache kurefuka na lielekeze nguvu kwenye maua.

Kazi ya kuchavusha hufanyika kila siku kwa wiki kadhaa, kuanzia saa 1 asubuhi hadi kama saa 5. Chukua kijiti laini, kwa mfano mwiba wa mchungwa uliochongwa butu. Chana upande mmoja wa ua kidogo ili kuona ndani, inua kiulimi kwa kijiti, kisha kwa kidole gumba bana sehemu ya kiume iguse ya kike. Aliyezoea anaweza kuchavusha maua 1,000 au zaidi kwa siku. Ua likibaki limenyauka kwenye shina kwa siku mbili tatu, limeshika.

Hapa kuna kishawishi. Mkulima akiona kichala chenye maua 20 hutamani kuyachavusha yote. Asifanye hivyo. Achavushe 8 hadi 10 kwa kila kichala, na kwa shina moja asizidishe vichala 10 hivi. Shina linalobebeshwa mzigo mkubwa hutoa matunda mafupi, na mwaka unaofuata hudhoofika au hufa.

Kamati izingatie mambo mawili. Saa za kuchavusha ni saa za shule. Mtoto asizuiwe kwenda darasani kwa sababu ya maua. Tena, mahali pengi kazi hii hufanywa na akina mama, lakini jina kwenye daftari la mauzo ni la baba. Kikundi kinaweza kuamua tangu mwanzo kuandika majina yote mawili na kulipa wote wawili wakiwepo.

5. MIEZI TISA, NA USIKU WAKE

Tunda la vanila ni refu na jembamba, mfano wa ganda la maharage. Hufikia urefu wake kamili katika wiki chache za kwanza, na hapo ndipo hatari inapoanzia. Kwa macho limekomaa, kumbe bado. Linahitaji miezi 8 hadi 9 tangu siku ya kuchavushwa. Ua la Septemba ni tunda la Juni. Ua la Machi ni tunda la Desemba. Dalili ya kukomaa ni ncha ya chini kuanza kugeuka rangi ya njano.

Tunda bichi halina harufu yoyote ya vanila. Harufu hujengeka ndani yake katika miezi ya mwisho, kisha hufunguliwa wakati wa kulisindika. Tunda lililovunwa mwezi wa sita halitanukia hata lisindikwe na fundi gani. Hukauka likawa jembamba, au huota ukungu. Mnunuzi akilipokea mara moja, mwaka unaofuata hataki tena vanila ya mahali hapo, wala ya jirani aliyesubiri.

Kwa nini basi watu wavune mapema? Sababu kubwa ni mbili, njaa na wizi. Mwenye njaa anahitaji fedha leo. Mwenye hofu anaona afadhali auze mbichi kuliko aamke akute mashina matupu. Bei inapopanda, wakulima hulala shambani kwa wiki nyingi wakiwa na tochi na mapanga, na mahali pengine watu wameumizwa na hata kuuawa. Mmoja akianza kuvuna kwa hofu, wa pili humfuata, na ndani ya wiki moja kijiji kizima kimeuza matunda yasiyofaa.

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Kwa vanila tuongeze kwamba mvumilivu aliyezungukwa na wasiovumilia haili.

Dawa iliyosaidia ni siku ya mavuno inayotangazwa. Nchini Uganda serikali imekuwa ikitangaza tarehe rasmi ya kuanza kuvuna kila msimu. Kabla ya tarehe hiyo, anayekutwa na vanila mbichi sokoni anapaswa kujieleza. Madagaska wakulima hutoboa kila tunda likiwa bado changa kwa pini, kila mmoja na alama yake. Alama hiyo hubaki kama kovu hadi tunda linakauka, hivyo mwizi hushindwa kuliuza kama lake. Njia zote mbili hazina gharama kubwa. Zinachohitaji ni makubaliano.

6. KUSINDIKA NA HESABU YAKE

Mkulima wa kawaida ni vema auze matunda mabichi yaliyokomaa kwa kituo cha kikundi au kwa msindikaji anayeaminika. Kazi ya kusindika inahitaji ujuzi na muda. Matunda hutumbukizwa kwenye maji ya moto ya nyuzi 63 hadi 65 za Selsiasi kwa dakika 2 hadi 3, hufungwa kwenye blanketi yatoe jasho, huanikwa juani saa chache kila siku, kisha hukaushwa polepole kivulini, na mwisho hufungiwa kwenye masanduku kwa miezi kadhaa. Kwa wastani kilo 5 hadi 6 za mbichi hutoa kilo 1 ya kavu.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Kaya ina mashina 40. Kila shina lina vichala 10, na kila kichala matunda 8, yaani matunda 80. Kama kila tunda lina gramu 15, shina moja linatoa kilo 1.2, na mashina 40 kilo 48 za mbichi. Zikisindikwa zitabaki kama kilo 8 za kavu.

Je, kilo hizo 8 zina thamani gani? Hapo ndipo penye fundisho. Kimbunga kilipiga Madagaska, nchi inayozalisha sehemu kubwa ya vanila ya dunia, mwaka 2000. Upungufu uliofuata ulipandisha bei hadi karibu dola 500 kwa kilo ya kavu mwaka 2003. Viwanda vikakimbilia vanila ya kutengenezwa maabara, nchi nyingi zikapanda mashina mapya, na kufikia mwaka 2005 bei ilikuwa chini ya dola 50. Baada ya kimbunga kingine mwaka 2017 ilipanda hadi karibu dola 600. Mwaka 2020 serikali ya Madagaska iliweka kima cha chini cha dola 250 kwa mauzo ya nje. Ilipokiondoa mwaka 2023, bei iliporomoka tena.

Bei hizo ni za soko la kimataifa. Mkulima hupata sehemu yake tu. Lakini kupanda na kushuka kunamfikia kama kulivyo. Aliyepanda bei ikiwa juu huvuna miaka mitatu baadaye, wakati mwingine bei ikiwa imekwisha kuanguka. Kwa hiyo ushauri wetu ni mmoja: vanila iongezwe kwenye kibanja, isichukue nafasi ya ndizi, maharage wala kahawa. Kaya yenye ndizi za kula inaweza kusubiri tunda likomae, na inaweza kusubiri bei irudi. Kaya iliyokata migomba ili ipande vanila haiwezi kusubiri lolote kati ya hayo.

7. KAZI YA KAMATI

Kabla ya kugawa rando hata moja, kamati ihakikishe kwamba:

- kila mwanakikundi ana kivuli na miti ya kuegemea iliyokwisha kuota;
- kikundi kimeandika kanuni ya siku ya mavuno, na viongozi wa kijiji wameisaini pamoja nao;
- kila kikundi kina watu wawili au watatu waliofundishwa kuchavusha kwa vitendo, ambao watawafundisha wengine;
- kuna mizani inayoaminiwa na wote, na daftari linaloweza kusomwa na mwanakikundi yeyote;
- kuna mfuko mdogo wa kukopeshana wakati wa njaa, ili mwenye shida asilazimike kuvuna mapema.

Jambo hili la mwisho husahauliwa mara kwa mara, nalo ndilo linalolinda ubora kuliko semina nyingi. Anayekopeshwa fedha ya dawa au ada mwezi Aprili atafika Juni na matunda yake yakiwa shinani.

8. NENO KWA WAFADHILI

Tunawashukuru wote wanaochangia kazi hii. Tunaomba mtambue kwamba mradi wa vanila wa miaka miwili huisha kabla ua la kwanza halijachanua. Taarifa ya mwisho itaonyesha marando yaliyogawiwa na picha za mashina ya kijani, lakini haitaonyesha tunda hata moja, na mkulima ataachwa peke yake kwenye msimu mgumu kuliko yote, yaani wa kuchavusha, kulinda na kuvuna kwa mara ya kwanza. Mradi unaofaa uwe wa miaka minne au mitano. Ugawaji wa marando uwe sehemu ndogo ya bajeti, na sehemu kubwa iende kwa matembezi ya wataalamu shambani katika mwaka wa tatu na wa nne, mizani, kipimajoto cha kusindikia, na mfuko wa kukopeshana.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Katika eneo letu, ni kaya ngapi zina kivuli cha kutosha leo? Zisizo nacho zianze na nini?

2. Ni nani kati yetu huvuna mazao mapema, na ni shida gani inayomsukuma? Tunaweza kuipunguzaje?

3. Tukitangaza siku ya mavuno, nani ataisimamia, na atakayeivunja atafanywa nini ambacho wote tutakiona ni haki?

4. Fedha ya vanila ikipatikana, je, yule aliyeamka alfajiri kuchavusha ataiona?

Tunashauri maswali haya yajadiliwe katika vikao viwili: kimoja kwa kamati, na kingine shambani, pamoja na wakulima wenyewe, chini ya migomba yao.